Nota za matarumbeta kwa kikundi kisichotimia

Seti ya nota za bendi ya tamasha inayouzwa na wachapishaji wa Marekani huja na karatasi sitini na zaidi ndani ya bahasha moja: fluti, obo, fagoti, klarineti za kwanza mpaka za tatu, saksofoni za aina tatu, honi za F, tarumbeta, tromboni, yufoniamu, tuba, na lundo la karatasi za ngoma. Ifungue bahasha hiyo Tukuyu au Makambako, mbele ya watu kumi na wawili wenye vyombo vilivyopatikana kwa awamu, na tatizo linajionyesha lenyewe. Nusu ya karatasi hazina wenyewe, na nusu ya watu hawana karatasi. Mpiga honi ya Eb (E flati, yaani E iliyoshushwa nusu toni) halioni jina la chombo chake popote. Kipande kitamu kuliko vyote mtunzi alimpa mpiga obo, na obo hapa haipo, kwa hiyo wimbo ukifika pale unatoboka.

Kununua seti nyingine hakusaidii. Kinachosaidia ni nota zilizopangwa kwa sauti nne (soprano, alto, tena na besi), kila sauti ikiandikwa kwa namna kadhaa ili chombo chochote kinachoifikia kiweze kuipiga. Wachapishaji wa nje walizitoa kwa wingi kuanzia 2020, korona ilipozilazimisha bendi kukutana vikundi vidogo vidogo. Sisi huku Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kushangaa: kitabu cha nyimbo chenye sauti nne, ambacho matarumbeta ya makanisa ya KKKT (Walutheri) na ya Moravian yamekuwa yakipigia miaka yote, ni mpangilio wa aina hiyohiyo. Kilichobaki ni kuuandika vizuri kwenye karatasi, na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Kabla ya kuandika hata nota moja, jua watu wako wanasomaje

Hili ndilo kosa linaloharibu mazoezi mengi kuliko mengine yote, na halionekani kwa macho. Tarumbeta mbili za Bb, kiwanda kimoja, karatasi moja, wapigaji wawili wazuri, na bado wanapishana toni nzima tangu nota ya kwanza. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye anayekosea. Wote wawili wako sahihi.

Sababu ni ya kihistoria. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na wamisionari wa Berlin wakaanza Unyakyusa mwaka huohuo kabla ya kuelekea Ukinga, Ubena na Uhehe. Makanisa yaliyotokana nao yalirithi utamaduni wa matarumbeta wa Ujerumani, na huko mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliyefanya kazi Bethel karibu na Bielefeld, alieneza usomaji wa sauti halisi: mpiga tarumbeta ya Bb anasoma nota zilezile za kinanda, na vidole vyake ndivyo vinavyofanya hesabu. Akiona Bb kwenye karatasi, habonyezi kitu. Faida yake ni kubwa, maana kinanda, kwaya na matarumbeta wanatumia kitabu kimoja, hakuna kuandika upya.

Bendi za Kiingereza na za Kimarekani hufanya kinyume, na majeshi yetu yamefuata njia ya Kiingereza. Kwao nota ya tarumbeta isiyobonyezwa inaitwa C, na karatasi inaandikwa toni moja juu ili isikike sawa. Kwa hiyo ukimpa karatasi hiyo mtu aliyelelewa na matarumbeta ya kanisa, atasikika toni moja juu ya wenzake. Ukimpa mtu wa bendi ya jeshi kitabu cha kanisa, atasikika toni moja chini.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Chora mistari mitano yenye ufunguo wa G (alama ya mwanzo inayoonyesha kila mstari ni nota gani), weka C kwenye nafasi ya tatu kutoka chini, mwonyeshe kila mpiga tarumbeta peke yake, na angalia vidole. Asipobonyeza chochote, anasoma kwa kuhamisha, yaani kwa njia ya Kiingereza. Akibonyeza valvu ya kwanza, anasoma sauti halisi. Usimuulize kwa mdomo, kwa sababu wengi hawajui kwamba kuna njia mbili. Watakujibu tu kwamba wanajua nota.

Wakiwa mchanganyiko, usiwalazimishe wabadilike. Mtu aliyezoea kwa miaka kumi habadiliki kwa mwezi mmoja, na akijaribu ataharibu vyote viwili. Andaa karatasi mbili za sauti ileile, na juu kabisa andika kwa maneno: «Sauti 1, Bb, C haibonyezwi» na «Sauti 1, sauti halisi». Kuandika «Tarumbeta» peke yake ni kualika ugomvi.

Upande wa chini hali ni nafuu kidogo. Tromboni na tuba za kanisa husoma ufunguo wa F kwa sauti halisi, sawa na za bendi ya Kimarekani. Isipokuwa nota za bendi ya shaba ya Kiingereza: humo karibu kila mtu, hata tuba, anasoma ufunguo wa G, na ni tromboni ya besi tu inayobaki kwenye ufunguo wa F. Ukipata msaada wa nota za namna hiyo, tuba yako ya Rungwe haitaambulia kitu mpaka uziandike upya.

Hesabu za kuhamisha

Chombo cha Bb kinaandikwa toni moja juu ya sauti halisi: tarumbeta na klarineti. Saksofoni ya tena, na yufoniamu inayosoma ufunguo wa G, ni toni moja na oktava nzima juu. Vyombo vya Eb, yaani honi ya Eb na saksofoni ya alto, vinaandikwa toni nne na nusu juu. Saksofoni ya baritoni inaongeza oktava hapo. Honi ya F ni toni tatu na nusu juu. Tromboni, fluti, na tuba ya ufunguo wa F haziguswi.

Kwa alama za mwanzo wa mstari, kumbuka hivi: Bb huongeza shapu (alama ya kupandisha nota nusu toni) mbili, Eb huongeza shapu tatu, F huongeza moja. Kuongeza shapu ni sawa na kuondoa flati. Wimbo ulio kii ya Ab (kii ni nota ambayo wimbo umejengwa juu yake), wenye flati nne, kwa Bb unabaki na flati mbili, kwa Eb unabaki na flati moja.

Kuna njia ya mkato ambayo inafaa kuijua kama huna kompyuta. Chukua mstari wa besi wenye ufunguo wa F, futa ufunguo uandike wa G, ongeza shapu tatu, na usisogeze nota hata moja. Hiyo tayari ni karatasi ya saksofoni ya baritoni au tuba ya Eb inayosoma ufunguo wa G, na oktava yake ni sahihi. Saksofoni ya alto ikiisoma itasikika oktava moja juu. Cha kuangalia ni alama zilizo katikati ya wimbo: flati iliyowekwa humo inaweza kugeuka kuwa alama ya kurudisha nota kwenye hali yake, na nota iliyorudishwa inaweza kugeuka kuwa shapu. Hizo zipitie moja moja.

Chagua kii inayowahurumia

Kwaya zetu hupenda G na D kwa sababu mpiga kinanda anazipenda. Kwa matarumbeta yanayosoma kwa kuhamisha, G ya kinanda ni shapu tatu kwa Bb na nne kwa Eb. D ni nne na tano. Anayeanza atakosa F shapu na G shapu mpaka mwisho wa ibada, na wewe utadhani hafanyi mazoezi.

Shusha wimbo wa G uwe F, au uupandishe uwe Ab. F inawapa Bb shapu moja na Eb shapu mbili. Ab umeshaiona hapo juu. Eb ndiyo kii tamu kuliko zote kwa kikundi cha mchanganyiko: Bb wanapata flati moja, Eb hawana alama yoyote. Mpiga kinanda mwambie atumie kitufe cha kuhamisha kii, karibu vinanda vyote vya umeme vinacho, na asione aibu. Ila akumbuke kukirudisha sifuri kabla ya wimbo unaofuata, la sivyo mtaanza wimbo wa sadaka mkiwa kwenye kii mbili.

Kabla ya kuamua, tazama nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza. Tarumbeta za wanaoanza zisipite Eb ya sauti halisi, ile ya nafasi ya juu kabisa ya mistari mitano. Mtu anaweza kufika F au G mazoezini akiwa ameshiba na amepumzika. Beti ya tano, msibani, baada ya saa mbili za kusimama, midomo haipo tena.

Kutoka sol-fa kwenda mistari mitano

Nyimbo nyingi za kwaya huku ziko kwenye sol-fa, d r m, na kuna sehemu mbili ambapo waandishi huanguka.

Ya kwanza ni oktava. Katika sol-fa, tena na besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika. Alama d bila kistari kwenye mstari wa besi si d ileile ya soprano. Ni ya oktava iliyo chini yake. Anayehamisha herufi moja kwa moja bila kujua hili humpa mpiga honi sauti ya tena ikiwa juu ya melodi, na kila mtu anauliza mbona wimbo haujulikani. Kosa hilohilo linajitokeza kwenye nota za kwaya ambapo tena ina ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake. Ile 8 si pambo.

Ya pili ni mahali kii inapobadilika. Mwandishi wa sol-fa huweka nota ya daraja, herufi mbili kwa sauti moja: jina la zamani likiwa dogo pembeni, jina jipya likiwa kubwa. Fotokopi ya fotokopi hula ile herufi ndogo. Ukiikosa, vyote vinavyofuata vitakaa nota nne au tano mbali na mahali pake, na programu haitakuonya kwa sababu kila nota peke yake ni halali. Nota nne za kwanza baada ya daraja zipigwe kwenye kinanda kabla ya kuendelea. Na wimbo wa huzuni ukiandikwa «La ni D», kii yake ina alama za F, si za D.

Jambo la tatu si kosa, ni tabia ya lugha yetu. Maneno ya Kiswahili yana silabi nyingi kuliko ya Kijerumani, kwa hiyo tenzi nyingi zilizotoka huko zimekatwa: nusu nota ya asili imekuwa robo mbili ili silabi zienee. Vitabu vya matarumbeta vya Ujerumani bado vina ile nusu nota. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne zinaweza kubaki na nota ndefu, na kwa kweli husikika vizuri zaidi zikiwa hivyo. Sauti ya kwanza lazima ifuate washarika. Andika maneno ya ubeti wa kwanza chini ya kila karatasi, hata ya tuba: bila maneno mpiga tuba hajui sentensi inaishia wapi, anavuta pumzi katikati ya «Bwa» na «na».

Kuandika sauti zenyewe

Chukua kikundi cha watu kumi na wawili: tarumbeta nne, klarineti moja, honi mbili za Eb, tromboni mbili, saksofoni moja ya tena, yufoniamu moja na tuba moja, pamoja na wapiga ngoma. Mgao unaokaa ni watatu watatu. Sauti ya kwanza tarumbeta tatu. Ya pili tarumbeta moja, honi moja na klarineti. Ya tatu honi, tromboni na saksofoni. Ya nne tromboni, yufoniamu na tuba. Karatasi zitakuwa za aina tisa: moja kwa sauti ya kwanza, tatu kwa ya pili, tatu kwa ya tatu, mbili kwa ya nne, maana tromboni na yufoniamu wanasoma moja. Kopi kumi na mbili, ya ngoma, na ya kiongozi: kumi na nne. Kukiwa na msoma sauti halisi miongoni mwa tarumbeta, aina zinakuwa kumi.

Sauti ya kwanza haina shida nyingi. Ya pili ndiyo inayodanganya. Alto wa kwaya hushuka mpaka A na G zilizo chini ya C ya kati, na kwa tarumbeta hapo ni kwenye matope: sauti hafifu, na njiani, kwenye C ya kati, valvu ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja hutoa nota iliyopanda. Kwenye B, zote tatu zikibonyezwa, inapanda zaidi. Mpigaji anatakiwa kusukuma nje bomba la valvu ya tatu, na kwenye vyombo vingi vya kupewa bomba hilo limeganda. Mwachie honi ya Eb nota hizo, naye yuko katikati ya uwezo wake. Tarumbeta apewe nota nyingine ya kodi ileile, kwa kawaida ile ya tena ikiwa oktava juu, mradi isivuke melodi. (Kodi ninayosema ni ya nota tatu kupigwa pamoja, TRA hawahusiki.)

Klarineti nayo usiifanye tarumbeta ya mbao. Inasoma karatasi moja na tarumbeta ya Bb, kweli, lakini melodi za kanisa huzunguka G, A na B za katikati ya mistari, na hapo ndipo klarineti inapotoka kwenye nota dhaifu za koo na kulazimika kufunika matundu yote kwa mara moja. Anayeanza atapiga mluzi kila mara. Mwandikie sauti ya pili oktava moja juu: anakaa kati ya C ya nafasi ya tatu na C iliyo juu ya mistari, sehemu yake iliyo thabiti, na wimbo unapata mng'ao ambao tarumbeta haziwezi kuutoa.

Sauti ya tatu ni raha. Tena ya kwaya, kati ya F na F, ikiandikwa kwa Eb inakaa kati ya D na D, ndani ya mistari mitano, na honi ya Eb inaimba bila kuhangaika. Saksofoni ya tena na tromboni vilevile.

Besi inahitaji uangalifu. Tromboni na yufoniamu wapige besi ya kwaya ilivyo. Tuba ishuke oktava moja, lakini si kila mahali: tuba ya Eb yenye valvu tatu inaishia A, na ya BBb (ile kubwa zaidi) inaishia E iliyo chini zaidi. Besi ikishuka mpaka F ya chini ya mistari, tuba ya Eb haina pa kwenda. Iache ipige pamoja na yufoniamu kwenye vipimo hivyo na irudi chini baadaye. Kuruka oktava katikati ya sentensi kunasikika vibaya, kwa hiyo ruka penye pumzi.

Na kama tuba na yufoniamu hawapo? Wengi humpa besi mpiga saksofoni ya tena. Saksofoni hiyo inaishia Ab, hivyo nota za chini zaidi anazipandisha oktava, na ghafla besi iko juu ya sauti ya tatu. Kodi ya F yenye F chini na C iliyo karibu nayo kwa tena inageuka: C ndiyo inakuwa ya chini kabisa, na wimbo unabaki unaning'inia pale unapotakiwa kukaa. Afadhali besi ya tromboni moja peke yake kuliko besi inayoelea.

Kila wimbo ukishapangwa, ufanyie jaribio la mtu asiyefika. Piga sauti ya kwanza, ya pili na ya nne bila ya tatu. Penye kodi tupu, yaani penye nota ya msingi na ya tano bila ile ya katikati inayoonyesha furaha au huzuni, iandike ile ya tena kwa nota ndogo kwenye karatasi ya sauti ya pili, na juu yake «kama sauti 3 haipo». Rudia bila ya pili. Kikundi cha matarumbeta kinaitwa msibani siku ya kazi, saa nane mchana, na wanaofika ni sita. Karatasi zilizopita jaribio hili zinawatosha hao sita.

Pumziko pia liandikwe. Beti tano zikipigwa na wote kwa nguvu, ya nne itakuwa imeshuka na ya tano itakuwa kelele. Ubeti wa pili uwe wa tromboni, honi na tuba. Wa nne klarineti na tarumbeta mbili. Ngoma hazihitaji maelezo marefu: karatasi moja, ngoma kubwa chini, ndogo juu, matoazi kwa alama ya x, na onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ubeti wa pili hazipigwi.

Kompyuta, steshenari na baridi

MuseScore ni programu ya bure na inatosha kabisa. Toleo la 4 linataka kompyuta ya biti 64; kama ya ofisi ya parokia ni ya zamani, toleo la 3 linafanya kazi hii yote. Washa kitufe cha «Concert pitch», yaani sauti halisi, ingiza sauti nne kwanza, zisikilize mpaka ziwe safi. Kisha ongeza mistari ya vyombo halisi, nakili kila sauti na uibandike kwenye chombo chake. Programu itahamisha yenyewe na kulinda sauti halisi. Kizime kitufe hicho kabla ya kuchapa. Ukisahau, karatasi zote zitatoka kwa sauti halisi zikiwa na majina ya Bb na Eb, kosa baya kwa sababu kwa macho zinaonekana sawa. Kwa wasoma sauti halisi, chagua tarumbeta ya C kwenye orodha ya vyombo, halafu ubadilishe jina tu. Kosa ukiligundua baadaye, lirekebishe kwenye hati kuu na uchape upya. Ukirekebisha kwa kalamu kwenye karatasi moja, zile tisa zitaanza kutofautiana.

Kwa karatasi ya kuwekwa kwenye stendi, A4, acha urefu wa mistari mitano uwe milimita 7 kama programu inavyokuja. Kwa kadi ya kubana kwenye tarumbeta wakati wa maandamano, A5 ya kulala, 6 zinatosha na chini ya hapo wazee hawaoni. Wimbo mmoja usipinduliwe katikati, hakuna mwenye mkono wa tatu.

Chapa nakala moja, nyingine zitolewe fotokopi. Wino wa mashine ya maji hutiririka tone la kwanza la mvua likigusa, na kuanzia Desemba mpaka Aprili huku hakuna maandamano ya kuaminika. Unga wa fotokopi au leza haufutiki kwa maji. Mifuko ya plastiki ya faili inasaidia, ila juani inang'aa mpaka nota hazionekani. Upande wa mpigaji uache wazi kama hakuna mvua. Upepo unashughulikiwa na vibanio vya nguo, viwili juu na viwili chini. Nota ulizonunua zina idadi ya kopi iliyoruhusiwa, soma pale mwanzoni. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa sababu hiyo, na nota za kununua si za kusambaza kwenye kundi la WhatsApp la dayosisi nzima.

Baridi ya Juni na Julai ya Njombe, Makete au Uyole inaingia hata kwenye nota. Mwendo wa sauti hewani hupungua takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Hewa ndani ya bomba ikiwa na nyuzi 10 badala ya 20, chombo kinashuka karibu theluthi ya nusu toni, na kinanda cha umeme hakishuki. Kwa hiyo msilinganishe sauti mara tu mnapotoa vyombo kwenye mikoba. Pulizeni hewa ya joto bila kutoa sauti kwa dakika kadhaa, pigeni wimbo mmoja taratibu, ndipo mlinganishe kwa Bb ya kinanda. Katika ibada, wanaokaa kimya wakati wa mahubiri marefu waendelee kupuliza kimyakimya dakika mbili kabla ya wimbo, hasa tuba, yenye mabomba marefu kuliko wote.

Chombo kikibaki juu hata bomba la kulinganishia likivutwa lote, kiangalie umri. Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa kiwango cha juu, A ya takriban 452, mpaka miaka ya 1960, wakati sisi tunatumia 440. Vyombo vya wakati huo bado vinafika kwenye makontena ya msaada, na vinakaa juu kwa karibu nusu ya nusu toni. Fundi anaweza kuongeza kipande cha bomba, lakini mabomba ya valvu nayo yanahitaji kurefushwa kwa uwiano huohuo, na wachache hufanya yote. Chombo hicho kipewe wanaojifunza kushika midomo, kisiingie kwenye kikundi.